Sadaka ya Mwili: Hukumu ya Kutoa Damu na Figo, na Namna ya Kuwaita Waislamu wa Musoma, Bunda na Butiama

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kwa nyama na damu kisha akamwamrisha kuwahurumia wenziwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Somo letu katika kijitabu hiki ni mas-ala ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini baada ya sala, wakiisha tazama kushoto na kulia. Je, yafaa Mwislamu atoe damu yake apewe mgonjwa? Akiwa na ndugu ambaye figo zake zimekufa, yafaa ampe moja katika zake? Na akiwa maiti, yafaa kiungo chake kitolewe apewe aliye hai? Mas-ala haya tumeyapanga katika milango mitatu. Mlango wa kwanza ni khabari ya haja yenyewe katika mkoa wa Mara. Mlango wa pili ni hukumu zake kwa madhehebu ya Imamu Shafi, radhi za Mungu zimshukie. Mlango wa tatu ni namna ipasayo kuwaita watu katika jambo hili. Msomaji na asome kwa utuvu, wala asiruke mlango, kwani mlango wa tatu hauna nguvu ila kwa ule wa pili.

MLANGO WA KWANZA: KHABARI YA HAJA

Mkoa wa Mara uko mashariki ya ziwa kubwa la Viktoria. Watu wake ni Wakurya, Wajita, Wazanaki, Wakwaya, Waikizu, Wajaluo na wengineo, na wengi wao ni Wakristo. Waislamu ni wachache, na wengi katika hao wachache wakaa mijini: Musoma penye makao ya mkoa, Bunda penye njia kuu itokayo Mwanza kwenda mpakani Sirari, na kiasi chao Butiama, mji ujulikanao kwa kuwa ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Kati ya Waislamu hawa wamo wenyeji, na wamo waliotoka mwambao kwa biashara, kwa kazi za serikali, au kwa kufundisha Kurani.

Sasa jueni, ndugu zangu, ya kwamba damu haitengenezwi kiwandani. Damu yote iliyomo katika ghala ya hospitali imetoka katika mkono wa mtu. Na hospitali huipata kwa njia mbili: ama kwa jamaa za mgonjwa wanaoambiwa waje watoe, ama kwa watu wanaojitolea bila kumjua mgonjwa. Hapo zamani hospitali zetu zilitegemea zaidi ile njia ya kwanza. Mwaka 2004 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ukawa na vituo vya kanda, na kituo cha Kanda ya Ziwa kikawekwa Mwanza. Makusudio ya mpango huo ni kuhimiza njia ya pili, ili damu iwepo imeisha pimwa kabla mgonjwa hajafika. Lakini ghala ikipungukiwa, bado jamaa huambiwa, "Tafuteni mtu."

Hapo ndipo ilipo khatari ya mtu mgeni. Mathalan mtu wa Tanga au wa Lamu amekuja Musoma, ana duka lake na mkewe na watoto wawili. Mkewe akajifungua usiku, damu ikamtoka isikatike. Mzawa wa Mara ana kaka na binamu na wakwe katika kila kijiji, na usiku huo huo watu 10 watafika. Yule wa pwani, ndugu zake wako mwendo wa siku nzima na zaidi kwa gari. Damu ya mumewe huenda isiafikiane na yake, kwani damu za watu ni makundi, A na B na AB na O, kama alivyoanza kubainisha tabibu Karl Landsteiner wa Vienna mwaka 1901, na aliyetiwa damu isiyomwafiki huweza kufa kwayo. Basi mwanamke huyu uhai wake umo katika mkono wa mtu asiyemjua, aliyetoa damu wiki mbili kabla yake wala hakuuliza itapewa nani. Akiwa hapana mtu wa namna hiyo, hapana damu.

Wenye haja si wazazi tu. Wako watoto walioishiwa damu kwa homa ya malaria. Wako walioanguka kwa pikipiki njiani. Wako wenye maradhi ya selimundu, ambayo chembe za damu yao hugeuka umbo zikawa kama mundu, na kanda hii ya ziwa ni katika sehemu zilizozidiwa nayo. Yakadiriwa ya kwamba katika Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto kama 11,000 wenye maradhi hayo, na wengi wao huhitaji kuongezwa damu, si mara moja.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo msingi wa somo hili. Damu haikai. Chembe nyekundu zilizotiwa katika mfuko hudumu siku 35, au 42 kwa kadiri ya dawa iliyotiwa humo. Chembe za kugandisha damu hudumu siku 5 tu. Basi damu iliyotolewa siku ya Maulidi haitamfaa mgonjwa wa mwezi wa Rajabu. Kwa hivyo haisaidii watu 100 kutoa kwa siku moja yenye shamrashamra, kisha mwaka mzima pasitoke mtu. Kinachohitajiwa ni daftari: watu waandikishe majina yao na makundi ya damu zao, na kila mmoja arejee kwa zamu yake.

Ama figo, khabari yake ni nyingine. Figo mbili zikifa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara 2 au 3 kila juma maisha yake yote, au hupandikizwa figo ya mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu ulifanywa Boston, Marekani, mwaka 1954, kati ya ndugu wawili mapacha. Kwetu Tanzania wagonjwa walikuwa wakipelekwa India, mpaka mwezi wa Novemba mwaka 2017 kazi hiyo ilipofanywa Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa msaada wa waganga wa India, na mwezi wa Machi mwaka 2018 ikafanywa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa msaada wa waganga wa Japani. Watoaji katika kazi hiyo ni jamaa za mgonjwa walio hai. Basi mgonjwa wa Bunda hangoji figo ya mtu asiyemjua. Amngoja kaka yake, au dada yake, au mwanawe. Na huyo kaka yuko nyumbani hali hana raha, hajui kama dini yamruhusu, wala haoni wa kumuuliza.

MLANGO WA PILI: HUKUMU

Mas-ala ya kwanza: Damu ni najisi, yawezaje kutiwa katika mwili wa Mwislamu?

Ni kweli ya kwamba damu iliyomwagika ni najisi katika madhehebu yetu. Lakini sharia haikumfungia mlango mtu mwenye dharura. Kila aliyesoma Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alipita katika mas-ala ya mtu aliyevunjika mfupa akaungwa kwa mfupa wa najisi kwa kukosa ulio tohara. Imamu amehukumu ya kwamba mtu huyo ana udhuru, na sala yake ni sahihi. Kadhalika wanachuoni wetu wameruhusu dawa iliyo najisi pale isipopatikana iliyo tohara, akiwa tabibu wa kutegemewa amesema ndiyo itakayofaa. Na damu haina badali. Kwa hivyo kumwongeza damu mgonjwa aliyeihitaji yafaa, na mwenye kuitoa hana dhambi, bali ana thawabu akikusudia uso wa Mungu.

Mas-ala ya pili: Je, yafaa mtu mzima kutoa figo yake kumpa mwingine?

Hapa pana uzito, na si uaminifu kuuficha. Katika Minhaj hiyo hiyo, kwenye khabari za mtu aliyefikwa na njaa ya kufa, Imamu Nawawi ameruhusu mtu akate sehemu ya mwili wake kuokoa nafsi yake kwa masharti, lakini ameharimisha kuikata kwa ajili ya mtu mwingine. Wapo maulamaa wa zama zetu walioshika maneno kama hayo wakakataza kupandikiza viungo vya watu, kama Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani. Mwenye kufuata kauli yao asitukanwe, wala asiambiwe hana huruma.

Lakini wengi wa maulamaa wa zama hizi wametazama sababu ya katazo lile. Siku zile kukata nyama ya mtu ilikuwa ni kumtia katika mauti, hapana dawa ya ganzi wala ya kuzuia jeraha kuoza. Na kuondosha dhara ya mmoja kwa kumtia mwingine katika dhara iliyo sawa nayo hakufai. Leo tabibu humpima mtoaji kabla, na mwenye figo moja nzima aweza kuishi nayo maisha yake. Sababu ikigeuka, hukumu hutazamwa upya. Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudia liliruhusu mwaka 1982 katika azimio lake nambari 99. Na Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah mwezi wa Februari mwaka 1988, liliruhusu kwa masharti. Masharti yenyewe kwa ufupi ni haya: mtoaji awe na akili timamu na baleghe, atoe kwa khiyari yake, kiungo kisiwe ambacho uhai wake wategemea, kama moyo, manufaa yatarajiwe kuwa makubwa kuliko dhara, na pasiwe na bei.

Sharti la khiyari lichungwe sana. Kaka asiitwe katika kikao cha ukoo akatazamwa na macho 20 mpaka akubali kwa haya. Kutoa figo si wajibu. Akikataa hana dhambi, wala hakukata udugu. Na tabibu amuulize peke yake, ili akitaka kurudi nyuma arudi bila aibu.

Mas-ala ya tatu: Kupokea fedha.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza thamani ya damu, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Mwili wa mwanaadamu si mali yake hata auuze, ni amana. Basi kuuza damu ni haramu, na kuuza figo ni haramu iliyo kubwa zaidi, kwani mnunuzi huwa tajiri na muuzaji huwa maskini aliyebanwa. Jambo hili si la mbali. Mwaka 2025, kwa jirani zetu Kenya, serikali ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kwa shutuma za biashara ya figo. Kijana akiahidiwa fedha avuke mpaka akatoe figo, na ajue ya kuwa anaitwa katika haramu, na huenda akarudi na kovu na deni. Ama soda na biskuti apewazo mtu baada ya kutoa damu, hizo si bei. Ni za kumrudishia nguvu.

Mas-ala ya nne: Je, damu huleta udugu na kuharimisha ndoa?

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuchanjiana: watu wawili huchanjwa chale, kila mmoja akaionja damu ya mwenziwe, wakawa ndugu. Kwa hivyo wako waume wanaoogopa kuwapa wake zao damu, wakidhani watakuwa mahrimu. Dhana hiyo haina asili katika sharia. Udugu usiokuwa wa nasaba huja kwa maziwa, tena kwa masharti yake: mtoto awe hajatimiza miaka miwili, na anyonye mara 5 zilizo mbali mbali. Damu haimo katika hayo. Mume ampe mkewe damu, na ndoa yao ibaki kama ilivyo.

Mas-ala ya tano: Udhu na saumu.

Damu iliyotoka pasipokuwa njia mbili haivunji udhu katika madhehebu yetu. Aliyetoa damu aoshe pahala palipotoneka, kisha asali. Na mwenye kufunga akitolewa damu saumu yake haivunjiki, kama isivyovunjika kwa kupiga chuku. Lakini imekuwa karaha kwa sababu yamdhoofisha. Basi ni bora atoe usiku baada ya kufuturu, au kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa aongezwaye damu ameisha pewa rukhsa ya kula, naye atalipa siku zake akipona.

Mas-ala ya sita: Damu ya asiye Mwislamu, na kumpa damu asiye Mwislamu.

Mas-ala haya huulizwa sana Mara kwa sababu tumekaa nao mlango kwa mlango. Jibu lake ni kwamba yafaa kupokea na yafaa kutoa. Mtume ametufahamisha ya kuwa katika kila chenye ini lililo hai mna thawabu, na maneno hayo aliyasema katika khabari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Ikiwa mbwa ana haki hiyo, seuze jirani? Na Mola wetu, katika Suratul-Maida, amefananisha kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote. Tena tazameni kwa insafu: sisi ni wachache, na damu wanayopewa wagonjwa wetu katika hospitali za Mara huenda sehemu yake kubwa imetoka katika mikono ya jirani zetu Wakurya na Wajita na Wazanaki. Je, yatupendeza kuwa watu wa kupokea tu?

Mas-ala ya saba: Maiti.

Maiti wa Mwislamu ana heshima. Mtume amesema ya kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kwa hivyo hapana ruhusa ya kumkata maiti kwa mchezo wala kwa dharau. Lakini wanachuoni wetu wa Kishafi wamehukumu tangu kale ya kwamba mwanamke akifa na tumboni mwake mna mtoto aliye hai, mwenye kutarajiwa kuishi, tumbo lipasuliwe mtoto atolewe. Kwani uhai wa aliye hai hutangulizwa. Maulamaa waliokutana Jeddah mwaka 1988 waliruhusu kiungo cha maiti kipewe aliye hai, kwa idhini yake mwenyewe kabla ya kufa, au idhini ya warithi wake baadaye. Ama swali la lini mtu amekufa, akiwa ubongo wake umekufa na moyo wapigishwa kwa mashine, maulamaa wamekhitalifiana: baraza hilo lilikubali Amman mwaka 1986, na wengine wakataka mpaka moyo usimame. Mwenye kutaka kuusia, na aandike wasia wake wazi, aseme ni kiungo gani, na awaambie mkewe na wanawe angali hai, wasije wakagombana mbele ya jeneza.

MLANGO WA TATU: NAMNA YA KUWAITA WATU

Imetudhihirikia ya kuwa jambo lenyewe lafaa. Lakini kujua ya kuwa jambo lafaa si sawa na kulitenda, na kati ya mawili hayo kuna woga. Woga huo usidharauliwe, kwani una asili yake.

Nani katika watu wa pwani hakutishwa utotoni kwa khabari za mumiani? Ilisemwa ya kwamba wako watu wanaokamata watu usiku wakawatoa damu ifanywe dawa. Khabari hiyo ilienea Afrika ya Mashariki nzima katika siku za ukoloni, na ilishika kwa sababu watu waliona kweli mabwana wa serikali wakija na sindano, wakiwachoma watu vidole na kuwatoa damu, bila kuwaeleza ni ya nini. Hawakuelezwa, wakajieleza wenyewe. Na leo akija mtu asiyejulikana, na gari lisilojulikana, akasema "Leteni mikono yenu," hapana ajabu ikiwa mzee aliye barazani atainuka aende zake. Dawa ya dhana ni maelezo, na maelezo hukubaliwa kwa mtu anayeaminiwa.

Tuwatazame wenzetu wa Uingereza. Huko Waislamu ni wachache kama sisi tulivyo wachache Mara, na miongoni mwao wamo watu waliotoka Afrika ya Mashariki. Wagonjwa wenye asili ya Afrika na Asia hungoja figo muda mrefu zaidi kuliko wengine, kwa sababu figo huafikiana zaidi kati ya watu wa asili moja, na katika jamii zao waliojiandikisha ni wachache. Mwaka 1995 Baraza la Sharia la Waislamu huko lilitoa fatwa ya kuruhusu. Lakini fatwa peke yake haikutosha. Miaka ilipita na watu wengi walibaki wakiuliza yale yale. Ikambidi idara ya afya iende misikitini, izungumze na maimamu, na mwaka 2019 Mufti Mohammed Zubair Butt akaandika jawabu refu lenye kuchambua kila upande. Mwaka 2020 sheria ya England ikageuzwa, karibu kila mtu mzima akahesabiwa kuwa ameridhia ila akikataa. Na hata hivyo jamaa bado huulizwa, na mwenye kujiandikisha aweza kusema ataka mambo yafanywe kwa kuifuata imani yake. Fundisho tulipatalo ni kwamba sheria na fatwa hufungua mlango, lakini watu huingia kwa kushikwa mkono na mtu wamjuaye.

Kwa hivyo katika Musoma, Bunda na Butiama twaona ipasavyo ni hivi.

1. Waganga na watu wa Damu Salama waanze kwa imamu na wazee wa msikiti na walimu wa vyuo, kabla ya kutangaza siku. Wapewe nafasi ya kuuliza maswali yao yote, na siku yenyewe ipangwe pamoja nao.

2. Khatibu aeleze hukumu Ijumaa moja kabla, si siku ile ile, ili mtu apate juma zima la kufikiri na kuzungumza na mkewe.

3. Wanawake wawekewe pahala pao penye sitara, na wauguzi wanawake.

4. Majibu ya vipimo yawe siri. Kila damu hupimwa ukimwi, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Wapo wanaume wasioikimbia sindano bali waikimbia karatasi ya majibu. Waambiwe mapema ya kwamba jibu atapewa mwenyewe peke yake, na penye ugonjwa ataelekezwa kwenye dawa.

5. Asipigwe mtu picha bila idhini yake, wala pasihubiriwe siasa wala dini nyingine mbele ya watu waliokuja kutoa sadaka.

6. Waelezwe damu yaenda wapi: ghala ya Mwanza, na hospitali za mkoa, kama ile ya rufaa iliyoko Kwangwa, Musoma, iitwayo kwa jina la Mwalimu Nyerere, na hospitali za wilaya. Ikiwa mtu wa hospitali aliwahi kumdai mgonjwa rushwa kwa ajili ya damu, watu watalisema, na waachwe walisema. Waelekezwe kwa mganga mkuu wakashtaki, wala wasiambiwe ni waongo.

7. Majina yaandikwe katika daftari la msikiti kwa ridhaa ya wenyewe, pamoja na makundi ya damu zao, na litunzwe na mtu mmoja mwaminifu. Zamu zipangwe: mwanamume baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Wakiwa wanaume 65 katika msikiti, wakagawanywa mafungu 13, basi kila juma watu 5 watafika, na kila mtu atakuwa ametoa mara moja katika miezi 3. Hivyo ghala haitegemei tena siku za shamrashamra.

Mwenye kuandika jina lake asidhani amejifunga kwa nadhiri. Kuandikwa daftarini ni ahadi njema tu. Akiugua, au akasafiri, au akaona uzito, aseme, na jina lake lifutwe bila lawama.

Na ili mtu ajijue kama afaa, masharti ya waganga ni haya: awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wake usipungue kilo 50, wingi wa damu yake upimwe na uonekane watosha, asiwe mgonjwa, na mwanamke asiwe mja mzito wala mwenye kunyonyesha. Kinachotolewa ni kama mililita 450 katika lita 5 hivi alizo nazo mtu mzima. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe zake hurudi kwa majuma kadhaa. Atokaye hapo anywe maji mengi, wala asibebe mizigo mizito siku ile.

KHATIMA

Ufupi wa somo: kumpa mgonjwa damu kwa khiyari yafaa, na kuna thawabu. Kutoa figo kumpa mtu aliye katika khatari yafaa kwa kauli ya wengi wa maulamaa wa zama hizi, kwa masharti yaliyotajwa, na anayekataa halaumiwi. Kuuza ni haramu. Heshima ya maiti yabaki, na wasia wake hufuatwa. Na mwito katika mambo haya upite katika mlango wa watu wenyewe, kwa lugha yao na kwa walimu wao.

Na wewe ndugu yangu wa pwani uliyeko Musoma au Bunda au Butiama, au popote ulipo mgeni, fikiri: siku mkeo au mwanao atakapohitaji mfuko mmoja wa damu, na nduguzo wako mbali, atakayemwokoa ni mtu usiyemjua, ambaye hukumwomba wala hutamlipa. Basi nawe kuwa mtu huyo kwa mwingine. Ijumaa hii, baada ya sala, mwendee imamu wako umuulize kama msikiti wenu una daftari. Likiwepo, andikisha jina lako. Lisipokuwepo, mshaurianeni watu watatu au wanne mlianzishe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wa jirani zetu, na azitakabali sadaka za wenye kutoa. Amin.

Wallahu a'lam.